UZI: Wali wa manjano wa kulia samaki, kwa sisi wa Mwanza

#1 JikoLaPasiansi

Wakuu wa jukwaa la mapishi, mwangaluka.

Kila Jumapili kwangu hapa Pasiansi analiwa sato. Kwa miaka mingi nilikuwa nahangaika na jambo moja: nipike wali gani siku hiyo? Wali mweupe watoto wanauona kila siku. Nikipika pilau, inammeza samaki. Mtu anakula sato aliyetoka ziwani alfajiri halafu mdomoni anabaki na karafuu na jira tu. Pilau ina nyama yake, iacheni huko. Samaki wetu anataka wali wa kumsindikiza, wenye harufu ya kutosha kuonyesha kwamba leo ni Jumapili, lakini usimpande kichwani.

Nilipopata wali wa manjano nikatulia. Naupika hata siku nimechoka, kwa sababu ukishaweka maji hauna kazi tena. Naandika kwa sababu naona wengi wanaukosea. Wanamwaga manjano kwenye maji yanayochemka, wanapata wali wenye mabaka, hapa njano pale nyeupe, na uchungu kwa mbali. Kisha wanasema manjano hayana maana.

Nusu kilo ya mchele. Uchambue kwenye ungo, maana mchele wetu mwingi bado una vijiwe, kisha uoshe mpaka maji yatoke karibu meupe. Uloweke kama dakika ishirini, uchuje. Usiruke kuchuja.

Bandika sufuria, weka mafuta vijiko vitatu vya chakula. Mimi naweka viwili vya alizeti na kimoja cha samli. Tia iliki nne ulizozipasua, karafuu tatu, na kipande cha mdalasini kama kidole chako cha mwisho. Zikianza kunukia tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa vyembamba. Hapa ndipo wali huu na pilau vinapoachana njia. Kitunguu cha pilau unakikaanga mpaka kiwe kahawia, ndicho kinachoipa pilau rangi. Hiki usikiache kipate rangi. Kilainike tu, kiwe kama kioo. Kikiungua, njano yako inakuwa tope.

Sasa punguza moto, tia kitunguu saumu kidogo na manjano ya unga, kijiko cha chai kisichojaa. Kimoja tu. Koroga huku ukihesabu taratibu mpaka ishirini. Utaona mafuta yenyewe yanageuka, yanakuwa kama kiini cha yai la kienyeji, na ile harufu ya udongo inaondoka. Usichelewe, yakiungua ni uchungu mtupu. Mimina mchele, geuza taratibu kwa mwiko mpaka kila punje ivae rangi. Chumvi, maji ya moto, funika.

Maji yakikauka juu, geuza mara moja tu, punguza mkaa chini, palia makaa kwenye mfuniko, uache robo saa. Wenye gesi weka moto wa mwisho kabisa, funika na kitambaa safi chini ya mfuniko, kingo zake zikunjwe juu zisishike moto.

Kuhusu maji sitaji kipimo kimoja kwa sababu nitawadanganya. Tutaongea huko chini.

#2 Bachela_Buhongwa

Asante sana dada. Nauhifadhi huu uzi. Swali la maji ndilo langu. Mimi kila kipimo ninachosoma kinanitoa bokoboko.

#3 JikoLaPasiansi

Mdogo wangu, kwanza niambie unanunua mchele gani. Wa msimu huu au wa mwaka jana?

#4 Bachela_Buhongwa

Hapo ndipo sijui. Nanunua soko la Mlango Mmoja, naambiwa "super", basi.

#5 JikoLaPasiansi

"Super" haikuambii chochote kuhusu umri. Mchele uliotoka shambani mwezi uliopita bado una unyevu wake ndani, unaiva haraka na unashikana. Ule uliokaa ghalani miezi sita na zaidi umekauka, unakunywa maji mengi na unachambuka. Huku kwetu mpunga mwingi unalimwa kwenye majaruba kwa maji ya mvua, unavunwa kuanzia karibu na Mei. Kwa hiyo Juni na Julai mchele unaoletwa sokoni ni mpya, na hapo ndipo watu wengi wanapata bokoboko bila kujua kwa nini. Mpishi ni yuleyule na kikombe ni kilekile. Mchele ndio umebadilika.

Muulize muuzaji waziwazi: mpya au wa zamani? Wengi wanasema kweli. Kisha uma punje moja. Mchele mpya unavunjika kimyakimya, kama una unga. Wa zamani unalia kwenye jino, kác!

Kama umeuloweka na kuuchuja, mpya uwekee kikombe kimoja na robo ya maji kwa kikombe kimoja cha mchele. Wa zamani kikombe kimoja na nusu, wengine wanafika karibu viwili. Anza na kidogo. Wali uliobaki na ugumu katikati unaweza kuunyunyizia maji ya moto ukafunika tena. Bokoboko haina dawa.

#6 Shangazi_wa_Tanga

Mwanangu umeeleza vizuri, Mungu akubariki. Lakini mimi nimezaliwa Tanga, nimeolewa huku Nyegezi, na wali wa manjano bila nazi kwangu haujakamilika. Tui jepesi unaweka badala ya maji, tui zito unamwagia wali unapokaribia kukauka. Njano ya tui ni nyororo, si kali kama ya mafuta.

Ila kuna jambo limenishinda toka nimehamia. Kipimo nilichofundishwa na marehemu bibi yangu pwani, huku hakinipi wali ule ule. Unakuwa mbichimbichi katikati. Nilidhani ni mkaa.

#7 Mwalimu_Magu

Shikamoo shangazi. Si mkaa. Tanga iko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Mwanza tuko juu, uso wa ziwa lenyewe uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yanatokota sawasawa machoni, lakini joto lake limepungua. Kwa hiyo wali unahitaji dakika chache zaidi, na katika dakika hizo mvuke unapotea, ndiyo maana unaongeza maji kidogo. Bibi hakukosea kipimo. Alikipima akiwa pwani.

#8 Shangazi_wa_Tanga

Marahaba mwalimu. Miaka kumi na minne naulaumu mkaa wa watu.

#9 JikoLaPasiansi

Shangazi shikamoo. Nazi siikatai. Tatizo ni kwamba nazi huku imesafiri, ikifika Mwanza nyingine imeshaanza kuoza ndani na huwezi kujua mpaka uivunje. Ndiyo maana nikaenda kwenye samli. Usukumani ng'ombe wapo, na samli nzuri ya kienyeji ukiipata kijijini, ile ya njano yenye chengachenga, kijiko kimoja kinafanya kazi ya nazi nzima. Na kwa samaki wa kukaanga naona samli inamfaa zaidi, tui linamfaa samaki wa mchuzi. Haya ni maoni yangu, ila nayashikilia.

#10 Mvuvi_Igombe

Mimi niseme upande wa samaki. Kwa wali huu chukua sato wa kati, si mkubwa sana, anayejaa sahani bila mkia kutoka nje. Fungua shavu uangalie matamvua yawe mekundu mabichi, jicho liwe limetuna na linang'aa. Likishazama ndani achana naye. Mkate mistari, chumvi, ndimu, tangawizi, basi. Usimpake manjano na yeye. Nimeona watu wanapaka manjano samaki na wali, sahani nzima rangi moja, ladha moja.

Sangara ana mafuta, yeye mpe wali mweupe na mchicha.

#11 JikoLaPasiansi

Kaka yangu hapo umesema kweli tupu. Manjano yakae sehemu moja.

#12 Nyamanoro_Mama3

Dagaa je? Si kila Jumapili ni ya sato.

#13 JikoLaPasiansi

Dagaa wa kukaanga wakavu na nyanya kidogo, pilipili, na wali huu pembeni, mama yangu utaniombea dua. Ondoa vichwa tu, uoshe maji ya uvuguvugu mchanga utoke.

#14 Bachela_Buhongwa

Wakuu nimerudi na msiba. Nimepika leo. Nilifuata kila kitu, mchele nimeuma ukalia, nikaweka kikombe na nusu. Umechambuka vizuri sana. Lakini rangi! Si njano. Umekuwa mwekundu wa kutu, kama bati la zamani. Nimeogopa kuula. Nadhani niliuziwa manjano feki, kesho naenda kumrudishia huyo muuza viungo, lazima anipe hela yangu.

#15 JikoLaPasiansi

Subiri kwanza usiende. Uliweka nini kingine? Kila kitu, hata kidogo.

#16 Bachela_Buhongwa

Hakuna dada. Mafuta, viungo, kitunguu, manjano. Na magadi kidogo sana, kwa sababu mama mwenye nyumba aliniambia mchele wa zamani ukiutia magadi unalainika upesi na unaokoa gesi.

#17 Mwalimu_Magu

Hapo hapo. Muuza viungo hana kosa, tafadhali usimguse.

Rangi ya manjano ina tabia ya pekee. Kwenye kitu kichachu kama ndimu, au maji ya kawaida, inabaki njano. Ikikutana na magadi, majivu, au sabuni, inageuka nyekundu ya kahawia. Mimi huwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili hivyohivyo pale maabara inapokosa vifaa. Tunapaka manjano kwenye karatasi, tunakausha, tunadondoshea maji ya majivu upande mmoja na ndimu upande wa pili. Mtoto akiona ule upande umekuwa mwekundu mbele ya macho yake, hasahau tena asidi na besi.

Kwa hiyo ulichopika ni jaribio la kemia. Hauna sumu, ila magadi yameharibu ladha. Fanya hivi: chukua kijiko kimoja cha huo wali kwenye sahani, kamulia ndimu, uje utuambie.

#18 Bachela_Buhongwa

Mwalimu!!! Umerudi njano. Nimekamua nikageuza na kijiko, imechukua kama sekunde tano, punje moja moja zinabadilika. Nimemwita jirani kuja kuangalia.

Nashukuru sana. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia yule mzee wa viungo.

#19 JikoLaPasiansi

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Magadi yaache kwenye maharage na mlenda. Kwenye manjano hapana.

Na hii inaeleza jambo jingine ambalo lilinisumbua. Nguo ikidondokewa na manjano, ukipaka sabuni ya mche doa linakuwa jekundu, mtu anadhani ameharibu zaidi. Kumbe ni jambo lile lile. Suuza tu sabuni yote itoke, litarudi njano, kisha anika nguo juani ikiwa mbichi. Jua linaiua rangi ya manjano. Kitenge changu kimoja kilimaliza siku mbili kwenye kamba, doa likaisha lenyewe. Mwiko wa mti pia, uanike.

Kwa sababu hiyo hiyo msiweke manjano kwenye chupa ya kioo dirishani. Yatapauka. Kopo lenye mfuniko, kabatini.

#20 BintiMuheza

Naomba niongeze kuhusu feki, maana zipo kweli ingawa ya kaka haikuwa feki. Nyumbani kwetu Muheza, upande wa milima ya Amani, manjano tunalima. Mzizi ukichimbwa unaoshwa, unachemshwa mpaka ulainike, ndiyo unaanikwa juani siku nyingi mpaka unakuwa mgumu kama jiwe. Ukiuvunja ndani ni chungwa iliyokolea. Kuchemsha ndiko kunakofanya rangi ienee sawa ndani ya mzizi na ukauke upesi.

Ukitaka uhakika nunua mizizi mikavu mizima, upeleke kwenye mashine ya kusaga viungo. Nyumbani usijaribu kwenye blenda ndogo, utaivunja. Ukinunua unga, chukua glasi ya maji, dondoshea unga kijiko kidogo bila kukoroga, uache. Manjano halisi yanazama taratibu na maji yanabaki na njano hafifu. Kama maji yote yamekuwa njano kali papo hapo, hapo pametiwa rangi.

Manjano mabichi pia mnaweza kutumia. Kipande kama kifundo cha kidole, unakwangua kama tangawizi, unakikaanga vilevile. Wali unakuwa na harufu mbichi nzuri sana. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, maana kucha zitakaa njano wiki nzima.

#21 JikoLaPasiansi

Bintiye Muheza asante. Hii ya kuchemsha kwanza sikuijua, na nimenunua manjano maisha yangu yote.

#22 Dawa_ya_Asili

Mngejua manjano yanatibu sukari, vidonda vya tumbo na presha msingehangaika na mapishi. Kijiko kimoja kila asubuhi, unaacha vidonge vyote.

#23 JikoLaPasiansi

Ndugu, hapa naomba tuwe makini. Mimi mama yangu ana presha, anakwenda kliniki kila mwezi. Manjano ya kwenye wali anakula kwa raha, na vidonge vyake anameza. Asije mtu akasoma uzi wangu wa mapishi akaacha dawa alizopewa na daktari. Tubaki jikoni.

#24 Mwalimu_Magu

Naunga mkono kwa nguvu zote.

#25 Kisumu_Dani

Habari zenu ndugu wa ng'ambo ya ziwa. Huku Kisumu sato wenu tunamwita ngege na sangara ni mbuta. Sisi samaki tunamla na ugali, wali hatumpi. Lakini jana nimejaribu huu wali wenu na ngege wa kukaanga, watoto wamemaliza sufuria. Nilikosa iliki, nikaweka mdalasini pekee. Ulikuwa sawa?

#26 JikoLaPasiansi

Karibu sana kaka. Ulikuwa sawa kabisa. Usipokosa manjano na mafuta ya kuyakaangia, vingine vyote vinaweza kupungua. Rangi ya manjano inayeyuka kwenye mafuta, maji inayakataa. Ndiyo maana narudia: kaanga kwanza.

#27 Nimerudi_Capri

Nilikaa Cape Town miaka minne kimasomo. Kule nako wali wa manjano ni chakula cha heshima, wanauita geelrys. Ni wa jamii ya Wamalai wa Cape, ambao wazee wao wengi waliletwa na Waholanzi kutoka Asia wakiwa watumwa. Wanatia manjano, kijiti cha mdalasini, sukari kidogo na zabibu kavu, wanaula na bobotie, nyama ya kusaga iliyookwa na yai juu. Mara ya kwanza nilishangaa zabibu kwenye wali. Nikazoea, sasa nautamani.

#28 Shangazi_wa_Tanga

Zabibu kavu kwenye wali si ngeni kwetu pwani, mwanangu. Kwenye biriani na pilau za harusi zinawekwa. Ila sukari na samaki, hapana.

#29 JikoLaPasiansi

Kwa samaki nami nasema hapana. Kwa kuku wa kuchoma, nitajaribu. Zikaangwe peke yake kwenye samli mpaka zivimbe, zinyunyizwe juu mwishoni. Ukizichemsha na wali zinalowa na kupoteza utamu.

#30 Nyamanoro_Mama3

Uliobaki mnaufanyaje? Kwangu huwa unabaki mwingi.

#31 JikoLaPasiansi

Usiuache kwenye sufuria jikoni mpaka asubuhi, hasa joto hili letu. Wali uliopikwa ukikaa na uvuguvugu masaa mengi unazaa vijidudu ambavyo kuupasha moto hakuviondolei sumu yake. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uweke kwenye friji. Kesho kaanga kitunguu, hoho na yai, utie wali, dakika tano watoto wamekula kabla ya shule. Kama huna friji, pika kiasi kile kile kinachoisha.

#32 Bachela_Buhongwa

Wakuu, mrejesho wa Jumapili.

Dada yangu na shemeji walikuja kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe wanakuja asubuhi na kurudi jioni, hakuna tena kusubiri kivuko. Walikuja na debe la mchele wa kwao, mpya kabisa. Niliuma punje, ikanyamaza. Nikaweka kikombe na robo. Manjano kijiko kimoja, nikahesabu mpaka ishirini. Magadi sikuyagusa. Sato watatu nilifuata soko la samaki la Mwaloni saa kumi na mbili asubuhi, nikafungua mashavu kama mvuvi alivyosema, wa kwanza nilimrudisha.

Nilipofunua mfuniko harufu ya iliki ilijaa chumba. Punje zimesimama, rangi moja toka juu mpaka chini. Dada yangu alinyamaza, akachukua punje kidogo na vidole, akaonja, akaniuliza nani amekuja kupika hapa. Shemeji alikwangua ukoko wote, ule wa njano ulioshika rangi ya dhahabu, akaula na ndimu.

Dada anataka kujua: debe zima la mchele mpya, afanye nini ili lisimtoe bokoboko akipika kwa ajili ya watu wengi?

#33 JikoLaPasiansi

Mdogo wangu, umenitoa machozi. Mwambie dada asiupike wote sasa. Auanike kivulini kwenye turubai siku moja au mbili, upigwe upepo, usipigwe jua kali maana punje zitapasuka. Autie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, akae nao mpaka Oktoba au Novemba. Na akipika wa watu wengi sufuria kubwa, maji ayapunguze zaidi ya hesabu, kwa sababu sufuria iliyojaa inapoteza mvuke kidogo kuliko ndogo. Kilo tano za mchele mpya uliolowekwa, aanze na maji yanayofunika mchele kwa kina cha kiungo kimoja cha kidole cha shahada, asizidishe. Manjano vijiko vya chai saba vinatosha, visifike kumi.

Na aweke makaa mengi juu kuliko chini.